Mpiga Gitaa wa Arobaini na Tano

Nesi alinisugua mkono kwa pamba yenye spiriti, na sindano yenyewe wala sikuisikia. Nilikuwa nimeshafika Changamwe. Nilikuwa sebuleni kwetu, katika zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, Jumapili mchana baada ya kanisa, na baba yangu amekaa sakafuni akipangusa santuri kwa spiriti, taratibu, kwa kufuata mduara, huku ameibana midomo. Baba za wenzangu walinukia tumbaku au sabuni ya kunyolea. Wangu alinukia hospitali, wala hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa umeme kiwandani.

Kabla sijaendelea, tuelewane. Nikisema jazi najua mnawaza zile bendi za dansi, magitaa matatu na tarumbeta, watu wanasakata hadi soli za viatu zinaisha. Kwetu jazi ilikuwa hiyo. Mama alikuwa na santuri ndogo ndogo za bendi hizo, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande ule, nami nilizipenda kufa. Lakini baba alishikwa na ugonjwa wa jazi nyingine, isiyoimbwa wala isiyochezeka, gitaa na kinanda na ngoma vikifukuzana hadi unajiuliza kama wenyewe wanajua wanakokwenda. Yeye aliiita fyuzheni. Majirani walisikia "fyuzi", na kwa kuwa baba alikuwa fundi wa umeme, hawakuona ajabu yoyote.

Mgonjwa mwenzake alikuwa Ami Salim. Hakuwa ami yangu wa damu. Sisi ni Wagiriama wa upande wa Kaloleni, Wakristo, naye alikuwa Mswahili wa Mishomoroni, karani bandarini, kanzu haina kunyanzi na kofia imekaa upande. Lakini tangu nipate akili tulimwamkia shikamoo Ami, naye akatujibu marahaba kwa kuivuta, "marahabaaa wanangu," kisha anaingia na mkoba wake wa santuri alizopewa au kubadilishana na mabaharia. Majirani wakimwona tu walisema, "Leo fyuzi itaungua."

Na iliungua kweli! Ubishi wao ulikuwa mmoja na ulidumu miaka: ni albamu ipi ya fyuzheni yenye ufundi kuliko zote? Majina ya albamu zenyewe yalikuwa ya kigeni, kila mtu akiyatamka kivyake, kwa hiyo waliziita kwa picha za majaladani. Ya Ami Salim ilikuwa Ile ya Ngazi. Ole wako uiguse! "Sikiza hapa, Katana," alikuwa akimwambia baba, amefumba macho, kidole juu. "Sikiza kinanda kinavyokwea. Huyu mtu ana vidole kumi na viwili, wallahi." Baba alikuwa akimjibu kwamba kasi si ufundi, kasi hata cherehani inayo, ufundi ni hesabu. Basi walikuwa wakimwaga njiti za kibiriti mezani kuhesabu mapigo, huyu akisema yanakwenda kumi na moja, huyu akisema kumi na mawili na la mwisho limemezwa. Malori ya mafuta yakipita barabarani nyumba ilitikisika, sindano ikaruka, na hesabu ikaanza upya. Baba alikata vipande vya tyubu ya baiskeli akaviweka chini ya gramafoni ili isitikisike, lakini malori ya Changamwe hayajui tyubu.

"Watu wazima mnacheza na njiti," mama alikuwa akisema akipita na sinia la chai.

Ikifika alasiri Ami Salim alikatiza neno katikati akaenda msikitini. Akirudi, hata makubadhi hajavua, anaendelea palepale: "Na jambo la tatu, Katana…" Mie na kaka yangu Kahindi tulikufa kwa kicheko nyuma ya mlango. Kahindi alikuwa na miaka kumi na sita, mimi tisa. Alikuwa na gitaa kuukuu lenye ufa, alilopewa na mtu aliyeachana na mambo ya bendi, nyuzi mbili za kweli na nne za waya wa breki ya baiskeli. Wakati wenzake wanacheza mpira uwanjani, yeye alikaa pembeni ya ubishi ule anatazama spika kama mtu anayesoma midomo.

Sasa ndipo nilipoingia mimi na balaa langu.

Gramafoni ya baba ilikuwa na swichi ndogo ubavuni. Ukiisukuma huku ni thelathini na tatu, mwendo wa santuri kubwa. Ukiisukuma kule ni arobaini na tano, mwendo wa zile ndogo za mama. Sheria ya nyumba ilikuwa fupi: hakuna mtoto wa kuigusa. Jumamosi moja asubuhi baba yuko kazini, mama yuko sokoni, nikaisukuma kule, nikaweka santuri za mama, nikacheza peke yangu hadi jasho. Nikarudisha santuri, nikarudisha kitambaa cha kufunikia, nikajiona mjanja. Swichi nikaisahau.

Mchana baba alirudi mbio, hajala, ameshika santuri kubwa mpya yenye picha ya mwavuli. Mpishi mmoja wa meli, ambaye baba alimtengenezea redio, alikuwa amemwazima kwa saa mbili tu. Jioni meli inang'oa nanga. Baba aliunganisha nyaya za gramafoni na redio ya kaseti, akatia kaseti tupu, akabonyeza kurekodi, akashusha sindano.

Jamani! Sijui niwaelezeeje. Gitaa lilitoka pale kwa kasi ya mtu aliyeona nyoka. Baba aliketi chini pu, palepale alipokuwa amesimama. Upande wa kwanza ulipokwisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe." Yeye aliyekuwa akisema kasi si ufundi! Alipotoka kwenda kuirudisha santuri, nilisogea karibu na gramafoni nikiwa na furaha yake yote kifuani, ndipo nikaiona swichi. Iko kule, kwenye arobaini na tano.

Mwanzo sikuelewa, halafu nikaelewa. Santuri kubwa ikizungushwa kwa mwendo wa ndogo inakwenda mbio kuliko ilivyopigwa. Angekuwapo mwimbaji angelia kama mtoto na sote tungecheka. Lakini fyuzheni haina mwimbaji. Nikairudisha swichi thelathini na tatu, nikafuta vidole vyangu kwa gauni, nikaenda kukaa jikoni bila kutumwa.

Jumapili Ami Salim alisikiliza ile kaseti mara mbili. Kofia aliivua, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada.

"Huyu si mtu," akasema mwishowe.

"Ni nani basi, jini?"

"Ni mashine, Katana. Hakuna mwana wa Adamu wa kupiga hivi. Na ngoma zake mbona zinalia kama makopo?"

"Makopo!" Baba aliinuka. "Leo umeshindwa ndiyo unasikia makopo! Ni mkono wa mtu huu, Salim, mkono wenye nyama na mifupa, na Ile ya Mwavuli ndiyo mwisho wa ubishi."

"Nioneshe mtu mwingine anayeweza kuipiga, nami nitakubali ni mtu."

Ndipo sauti ikatoka pembeni, "Nitaipiga mimi." Alikuwa Kahindi.

Mnapaswa kujua kwamba wiki hiyohiyo baba alikuwa ameshapitisha uamuzi. Kahindi amemaliza mitihani yake, basi aende Mazeras kwa mjomba akajifunze kuchomelea vyuma, na lile gitaa libaki, au afadhali libanikiwe muhogo. Mama aliunga mkono. Kahindi hakubisha, ila aliacha kula vizuri. Sasa Ami Salim alimtazama, akamtazama baba, akasema: shemeji yake ni kiongozi wa bendi ya hoteli kule Nyali, anatafuta kijana wa kufundisha. Kijana huyu akiipiga Ile ya Mwavuli, wimbo wa kwanza, sambamba na kaseti, bila kuachwa, mbele yao wote wawili kabla ya Pasaka, atampeleka mwenyewe. Akishindwa, Mazeras, na gitaa lisitajwe tena. Baba alishindwa kukataa, maana angekataa ingekuwa haamini kwamba kaseti yake imepigwa na mtu. Wakapeana mikono.

Nami nilikuwa nimesimama pale na sinia la vikombe. Katika dunia nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba kaka yangu ametumwa kumkimbiza mtu ambaye hayupo.

Mtaniuliza, mbona hukusema? Nyinyi hamkumjua baba yangu. Si kiboko nilichokiogopa, ingawa kiboko kilikuwapo. Baba alikuwa amebadilika. Alikuwa akipiga mluzi akinyoa. Alikuwa anawasimamisha watu njiani kuwaambia ameshamshinda Salim. Ningeanzia wapi kumwambia kwamba ushindi wake ni kazi ya kidole changu?

Kahindi alianza kazi. Kaseti ililia juu sana, na alipokaza nyuzi zimfikie, zilikatika na kumchapa shavuni. Akafunga penseli kwa ukanda wa tyubu juu ya shingo ya gitaa, sauti ikapanda ikalingana. Aliukata wimbo vipande vipande kama muhogo, akatafuna kimoja kimoja. Kutwa ni kile kipande, kutwa, hadi mama anakoroga uji kwa mapigo yake bila kujua. Ncha za vidole zikaota sugu, sugu zikapasuka, akazifunga kwa plasta akaendelea. Usiniambie habari ya juhudi. Mie nimeiona juhudi, ilikuwa inalala kitanda cha pili.

Siku moja nilijaribu. Alikuwa amekaa kizingitini ameloweka vidole kwenye maji ya chumvi.

"Kahindi, je, kama huyo mtu hakupiga hivyo?"

"Hakupiga vipi?"

"Labda… labda santuri ilikwenda mbio tu."

Akacheka, tena kwa upole. "Usinivunje moyo, Sidi. Niko karibu naye. Kila nikifika konani naona ametoka sasa hivi, vumbi lake halijatua. Jana nilimsikia akipumua, haki ya Mungu."

Uso wake uling'aa mno nikashindwa kuendelea. Nilimletea maji mengine ya chumvi. Hiyo ndiyo toba yangu, maji ya chumvi kila jioni kwa miezi mitatu.

Ikafika Jumapili ya Matawi. Makuti tuliyotoka nayo kanisani yalikuwa bado mezani. Ami Salim alikuja mapema na mkoba umetuna, akaketi kwenye kiti chake cha mikono, hakutania hata mara moja. Mama alisimama mlangoni na mwiko. Baba akatia kaseti. Kahindi akaifunga penseli, akapangusa viganja kwa suruali, akaitikia kwa kichwa.

Gitaa la kaseti likatoka, na lake likatoka! Sikujua nitazame wapi. Palepale mwanzoni, kwenye mteremko ule wa sauti uliomwangusha siku zote, nilifumba macho, na nilipofumbua alikuwa ameshavuka. Baba alianza kuhesabu kwa mdomo bila sauti, kumi na moja, kumi na moja. Lori likapita, madirisha yakalia, Kahindi wala hakupepesa. Kona ya kwanza, kona ya pili, halafu zile mbio za mwisho ambazo Ami Salim aliziita kazi ya mashine, na jamani, hapakuwa tena na magitaa mawili pale. Nilitega sikio nimtenganishe kaka yangu na kaseti nikashindwa. Mwisho wakatua pamoja, tap.

Ami Salim alisimama. "Lahaula," akasema. "Ni mtu. Katana, nimekubali, ni mtu!" Baba alimkumbatia, mama akapiga kigelegele na mwiko mkononi, nami nililia, na hakuna aliyejua nalilia nini hasa.

Ndipo Ami Salim akafungua mkoba. "Nilikuwa na zawadi," akasema, "ashinde, ashindwe." Akatoa santuri yenye picha ya mwavuli, yenyewe, aliyoipata Ijumaa kwa baharia mwingine. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Akaipangusa kwa spiriti. Akaiweka, akashusha sindano.

Ikatoka ile ile, lakini nzito, ya chini, inatembea. Gitaa lilikuwa zuri, hodari, lakini lilikuwa linatembea! Baba akadhani umeme umepungua, akaitazama taa. Akapapasa mkanda unaozungusha sahani. Kisha akainama akaitazama swichi kwa muda mrefu, akageuka akatutazama sisi watoto.

"Ni mimi, Baba," nikasema. Nikaeleza yote, kwa pumzi moja, na swichi na santuri za mama na jasho la kucheza.

Nilingoja kofi. Badala yake Ami Salim alianza kucheka, akacheka hadi akashika kiuno. "Makopo, Katana! Sikukwambia zinalia makopo?" Kisha akanyamaza ghafla, akamnyooshea Kahindi kidole. "Ngojeni. Ngojeni kwanza. Basi huyu kijana amempita. Huyu amempita yule bwana mwenyewe!" Hapo nyumba ililipuka. Baba alimnyanyua Kahindi mzima mzima pamoja na gitaa lake. Majirani wakajaa mlangoni, mtu akauliza kumetokea nini, akajibiwa kwamba fyuzi imeungua na mtoto wa Katana amewashinda Wazungu. Hata mimi nilibebwa.

Katikati ya shangwe ile Kahindi aliponyoka. Nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na kamba za nguo, amejikunyata, analia. Nikapiga magoti.

"Nisamehe, Kahindi. Nilitaka kukwambia."

Alitikisa kichwa. "Yuko wapi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Yule jamaa."

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa, na kwa miaka mingi niliamini alinikasirikia kwa vidole vyake. Mtu ameambiwa amempita bingwa wa dunia, anaenda kulia kwenye kamba za nguo! Nyali alikwenda, Pasaka ilipopita, Ami Salim akamshika mkono hadi kwa shemeji yake kama alivyoahidi. Akapiga hotelini miaka na miaka, akanunua nyumba ndogo Kisauni, akalea watoto kwa gitaa. Lakini kaseti ile hakuiweka tena masikioni mwake.

Nilikuja kuelewa mwaka aliotutoka Ami Salim. Tulikwenda maziko Mishomoroni, baba akarudi akakaa. Miezi miwili alikaa kwenye sebule ileile, santuri zimepangwa, gramafoni imefunikwa. Jumapili moja nilimwambia, "Baba, nikuwekee Ile ya Mwavuli? Mwendo wowote unaoutaka."

"Ya nini?" akajibu. "Nitamwambia nani kwamba ndiyo bora?"

Nikaketi. Miaka yote ile nilidhani walibishana ili mmoja ashinde. Na Kahindi, siku ile kwenye kamba za nguo, hakulia kwa uchungu wa vidole. Alikuwa amefika konani na hakumkuta mtu. Nilikuwa nimempa mwenzi wa kukimbizana naye, halafu nikamnyang'anya kwa neno moja, mbele ya watu wanaoshangilia. Nilitoka nje nikampigia simu, nikamwambia hayo yote, tena nikiwa nalia barabarani kama mwehu. Alinisikiliza. Hakusema amenisamehe wala hakusema sina kosa. Aliuliza tu, "Baba yuko hapo sasa hivi?"

Alifika baada ya alasiri. Hakupiga hodi ndefu, hakusalimu vya kutosha. Alipita moja kwa moja akaketi kwenye kiti cha mikono cha Ami Salim, kile ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, akakunja mguu.

"Baba," akasema, "nimefikiri sana. Ile ya Mwavuli haina lolote. Albamu ni Ile ya Ngazi."

Niliona mkono wa baba unatafuta ukingo wa kiti, magoti yanalia, anainuka, na sauti niliyodhani tumeizika Mishomoroni ikatoka yote.

"Ati nini? Hebu rudia ulivyosema!"